Mama Mkwe Juu ya Paa

Kanisani kwetu mtaani Komarock kuna desturi ambayo aliyeianzisha sijui alikuwa amekosewa na nani. Kila mwaka, wiki ya akina mama ikikaribia, mama mwenyekiti humpa kila mwanamke aliyeolewa mwanamke mmoja wa kwenye Biblia. Unamsoma, unakaa naye miezi, kisha siku yako ikifika unasimama mbele ya wenzako uwaeleze amekufundisha nini kuhusu ndoa na ulezi. Wengine hupewa malkia. Wengine hupewa yule mke mwema wa Mithali anayeamka kungali giza na taa yake haizimiki, mpaka unajiuliza maskini wa Mungu alikuwa analala saa ngapi. Mimi kila mwaka nilipewa yule mama aliyelia hekaluni akiomba mtoto hadi kuhani akadhani amelewa.

Mwaka wa kwanza nilishukuru. Wa pili nikameza mate. Wa tatu nikamfuata mwenyekiti nje baada ya ibada, nikamwambia, "Mama, huyu mama wa kulia sasa namjua kuliko shangazi zangu. Nipe mwingine." Mwenyekiti wetu ana sauti ya kuita watoto kutoka mtaa wa pili, na ananipenda kwa dhati, ndiyo maana alikuwa ananichosha. Alinitazama usoni, akashuka na macho mpaka tumboni, akarudi usoni. "Haya," akasema, "chukua Mshunami." Nikaenda zangu kama niliyeshinda kesi kortini Makadara. Kufika nyumbani nikafungua Maandiko, nikakuta: mwanamke wa Shunemu, mume mzee, mtoto hana. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka chai ikafurika.

Kitu ambacho mwenyekiti hakujua ni kwamba tayari nilikuwa na mimba changa. Aliyejua ni mume wangu na daktari wa kliniki, basi. Mbili zilikuwa zimeshatoka kabla hazijaonekana, na nilikuwa nimeapa kwamba hii ya tatu watu wataiona ikiwa na meno. Nilimtaka huyu mtoto kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Sasa, huyu Mshunami hata jina hakupewa. Ni mwanamke wa Shunemu, imetosha, kama vile huku kwetu unavyoweza kukaa miaka na bado ukaitwa yule wa geti la kijani. Nabii alikuwa akipita kwake, naye anamlisha. Siku moja akamwambia mumewe, tumjengee huyu mtu wa Mungu chumba kidogo darini, tumtilie kitanda, meza, kiti na taa. Nabii akafurahi, akamtabiria mtoto, na mtoto akaja kweli. Kijana akakua, akamfuata baba yake shambani, huko akaanza kulia kichwa, kichwa. Baba mtu akafanya nini? Akamwambia mtumishi, mpeleke kwa mama yake! Nilipomsomea mume wangu hapo alikuwa anakula, nikafunga kitabu nikamwangalia tu. Akasema, "Mbona unaniangalia mimi? Mimi sijazaliwa wakati huo."

Mtoto akafia mapajani pa mama yake. Mama akamlaza kwenye kitanda cha nabii, akafunga mlango, akapanda punda kumfuata nabii mwenyewe. Njiani mtumishi wa nabii akamkimbilia na salamu: wewe hujambo, mumeo hajambo, mtoto hajambo? Naye, mtoto amelala kule amekufa, akaitikia kwamba wote hawajambo. Mwenyekiti alinieleza kwamba kiini cha somo langu kiko hapo. "Mwanamke wa imani halalamiki," alisema. "Hata nyumba iwake moto, akiulizwa, hajambo." Hilo nililishika kama dawa, kumeza asubuhi na jioni.

Mimba ilipopata miezi mitatu daktari akaniambia nilale. Nisifue, nisideki, nisiinue kitu kizito kuliko kikombe, na nitafute mtu wa kukaa nami mpaka nijifungue. Mume wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha rangi, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Anajua kukoroga mapipa ya rangi kwa mashine, lakini ugali wake ulikuwa na madonge unaweza kuyahesabu na kuyapa majina. Wazazi wake walishatangulia mbele za haki. Msichana wa kazi tulimpata, akakaa siku chache, akaolewa Dandora. Mtu niliyemtaka ni mmoja tu, mama yangu, na mama yangu ndiye mtu mmoja duniani ambaye hakuweza kulala nyumbani kwetu.

Kwa asiyetujua sisi Waluhya, nieleze. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume ni watu wa kuheshimiana kwa umbali. Hawapeani mikono, hawatazamani machoni, hawali meza moja, na kulala chini ya paa moja ndiyo usiseme. Kijijini ni rahisi, maana kuna boma kubwa na nyumba kadhaa. Hebu ilete desturi hiyo Komarock, kwenye nyumba ya chumba kimoja cha kulala na choo kimoja. Mama alishakuja kututembelea mara moja baada ya harusi. Alifika na basi la usiku, akanywa chai akiwa amegeukia ukuta, akaombea nyumba, na jioni akarudi na basi lingine. Mume wangu alikuwa amekaa chumbani siku nzima kama mwari.

Kwa hiyo nikatumia mbinu ya Mshunami. Ukimsoma vizuri utaona yule mama hakumwamuru mumewe ajenge. Alisema tujenge. Mwanamke aliyeolewa anajua hapo kuna kazi ya miaka. Jioni moja nikamwambia mume wangu, "Unaonaje tumjengee mama chumba kidogo huko juu?"

"Kwani mama yako ni nabii?"

"Alitabiri kwamba utanioa kabla hujanunua kitanda. Ilitimia au haikutimia?"

Akacheka, akamaliza kutafuna. Kisha akatoka nje akasimama barabarani akaitazama nyumba. Nyumba nyingi za kwetu zina paa la zege, na vyuma vya nguzo vimeachwa vikichungulia angani, kwa imani kwamba mwenyewe siku moja atapandisha ghorofa. Sisi huko juu tulikuwa na tangi la maji na kamba za kuanikia nguo. Aliporudi ndani alikuwa ameshapiga hesabu zake. Ngazi itapita nje, kando ya ukuta, Mama asiguse hata mlango wetu. Kitanda, meza, kiti na taa, kama ilivyoandikwa. "Na choo," akaongeza. "Huyo nabii wenu hamjatuambia alikuwa anaenda wapi."

Nilimpenda sana siku hiyo. Nasema wazi, maana yeye mwenyewe akisoma hapa atajifanya hakuona.

Fundi tuliyempata alikuwa kijana wa kutoka Kakamega aliyekulia Eastlands, mtu wa maneno mengi, na kila mama kwake ni mathe. "Niaje mathe, hiyo ni kazi ndogo, wewe lala tu," aliniambia, na kweli kazi yangu ilikuwa ni kulala. Wiki nzima nzima nililala chali kitandani nikisikiliza viatu vyake vikitembea juu ya kichwa changu, kwata kwata, kwata kwata, vumbi likinidondokea kwenye neti, na haki ya Mungu wazo halikunijia. Wala halikumjia mume wangu, Mluhya mzima. Wala fundi, Mluhya mwenzake. Sisi watatu tulimaliza ngazi, tukapaka kuta rangi ya maziwa kutoka kiwandani, tukaweka kitanda, meza, kiti na taa, na kwa majivuno yetu tukamtumia mama habari kwamba aje, sasa ana paa lake mwenyewe.

Mama akaja. Alifika asubuhi na kuku wawili ndani ya kikapu, kunde zilizokaushwa, na begi linaloonyesha mtu wa kukaa. Nilisimama chini nikimwangalia akipanda ngazi taratibu, mkono kiunoni, nikalia kwa furaha. Akaingia. Nikasikia anabonyeza kitanda. Nikasikia anavuta kiti. Kisha akatoka akasimama mlangoni, akaniita.

"Mwanangu, chini ya hapa ni wapi?"

"Chini wapi?"

"Hapa niliposimama. Chini yake kuna nini?"

Nikaangalia miguu yake, kisha dirisha letu lililo chini yake. Chini ya kile chumba, ukuta kwa ukuta, ni chumba chetu cha kulala. Kitanda cha Mama kilikuwa juu ya kitanda chetu, mto juu ya mto.

"Mayoo!" Mama akashika kichwa. "Mnataka nimkanyage mkwe wangu utosini kila nikienda haja? Nilale juu ya ndoa ya watu?" Alishuka zile ngazi upesi kuliko alivyozipanda, akiinua miguu kama zege lina moto. Akachukua kigoda changu cha jikoni, akakiweka nje ya geti, akakaa kuelekea barabarani na begi mapajani. Basi la jioni lingemkuta tayari.

Nilimpigia fundi nikamfokea mpaka nikaishiwa pumzi. Akajibu kwa upole, "Lakini mathe, mlisema ni chumba cha mgeni. Mama mkwe hamkumtaja." Hapo hasira zikanigeuka zikawa woga. Kama mama angepanda lile basi, ningebaki na mimba yangu na kikombe changu, na miezi iliyobaki ilikuwa mirefu. Nilisimama nyuma ya geti nikamsihi. Mama hakugeuka, lakini niliona mabega yake, na mabega yale hayakuwa ya mtu anayetaka kuondoka.

Mume wangu akatokea kona akitoka zamu ya usiku, bado ana madoa ya rangi shingoni. Alipomwona mama mkwe wake amekaa njiani alisimama kama amepigwa breki. Kisha akapita kwa mbali, ubavu ubavu, akaingia, akasimama ndani ya geti akitazama ukuta. Yule anatazama barabara, huyu anatazama ukuta, na katikati yao hata hatua kumi hazifiki. Ndipo wakaanza kuongea, kupitia kwangu.

"Mwambie mama tumekosa," akasema mume wangu.

"Mwambie sijakasirika," akasema mama. "Mwambie chumba ni kizuri."

"Muulize, juu ya sebule kuna nini?"

Mama akafikiri. "Niliona tangi."

"Muulize kama tangi ni mtu."

Boda ikapita, mwendeshaji akatukodolea macho sote watatu. "Mwambie," akasema mama, na nikasikia kicheko kinamtekenya kooni, "tangi halina neno."

Basi jua halijafika utosini kitanda chetu kilikuwa kimehamia sebuleni, chini ya tangi, na makochi yakaenda chumbani. Mama akapanda na kuku wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema mume wangu, akajitupa kitandani katikati ya sebule, chini ya picha ya harusi, akakoroma.

Mtaa ulituchekea mpaka ukachoka. Mwenyekiti alipokuja na akina mama kuniombea, alifungua mlango wa mbele akakutana uso kwa uso na kitanda cha watu kimetandikwa shuka la maua. "Karibu chumbani," nikamwambia, "ndiko makochi yaliko." Aliomba amesimama, na aliomba kwa kifupi, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla wala baada.

Lakini tulizoea. Mama akitaka kushuka anagonga reli ya ngazi kwa upawa, ili mwenye kuvaa avae na mwenye kujificha ajifiche. Anaingia kwa mlango wa jikoni, ananipikia uji wa wimbi, ananisugua miguu, ananisimulia nani kijijini amekufa na nani angefaa kufa. Mume wangu akirudi, Mama ameshapanda, ila kwenye kidato cha tatu cha ngazi ameacha sahani imefunikwa, mrenda na ugali usio na donge. Asubuhi sahani inarudi pale pale imeoshwa, na juu yake kuna betri za redio, au sukari, au ndizi mbivu. Miezi ikaenda hivyo. Hawakuwahi kutazamana, na walikuwa wanabembelezana kuliko mimi na mume wangu tulivyowahi. Nilimwambia siku moja, "Mimi hata siku ya wapendanao sijaona betri." Akasema mimi nina mdomo, yule mama ana heshima.

Mimi nami nilikuwa naendelea na dawa yangu. Kila aliyeuliza aliambiwa hatujambo. Kiuno kinavunjika, hatujambo. Miguu imevimba, tunamshukuru Mungu. Mwenyekiti akipiga simu ananisifu kwamba somo limeniingia.

Mimba ilikuwa imepita miezi saba mtoto aliponyamaza. Alikuwa mtoto wa vurugu, anapiga teke kila nikinywa chai, na jioni moja hakupiga. Nikajiambia amelala. Asubuhi nikanywa chai, nikanywa na ya pili. Mume wangu akarudi kutoka zamu, akaniuliza tukoje, nikasema hatujambo, akalala sebuleni. Mwenyekiti akapiga, nikamwambia hatujambo. Nilikaa kochini kule chumbani nimeweka mikono tumboni, nikiogopa kusema, kwa sababu mara mbili zilizopita nilipolisema tu likawa.

Upawa ukagonga reli. Mama akaingia na uji, akaniangalia.

"Umeamkaje?"

"Sijambo, Mama."

"Mtoto?"

"Hajambo."

Akaweka bakuli chini. Biblia yangu ilikuwa wazi kochini pale kwa Mshunami, miezi yote haijafungwa. Mama akaisukuma kando akakaa mahali pake.

"Huyu mama yenu mnayemsoma," akasema, "alimwambia nani kwamba mtoto hajambo?"

"Mtumishi."

"Mtumishi. Mtu wa njiani. Akafika kwa nabii mwenyewe, akamwambiaje?"

Jibu nililijua. Alijitupa chini akamshika miguu, akamlaumu, kwani mimi nilikuomba mtoto? Mtumishi akitaka kumsukuma, nabii akasema mwache, roho yake ina uchungu. Nilikuwa nimeisoma mara ngapi sijui, na kila mara niliruka hapo kwa sababu mwenyekiti hakupigia mstari.

"Angemwambia na yeye hajambo," akasema mama, "yule mtoto asingefufuliwa, angezikwa. Mimi sikupanda basi kutoka kwetu nije kuwa mtu wa njiani. Mtoto hajambo?"

"Mama, hachezi," nikasema. "Hachezi tangu jana." Na nikamshika, si miguu, nilimshika popote, leso, mkono, shingo, nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Mama hakulia. Alinisimamisha, akanivika kanzu yangu ya kutokea, akanifunga viatu. Kisha akasita kwenye korido. Mlango wa sebule ulikuwa umefungwa, na ndani mume wangu amelala baada ya zamu, fulana juu ya kiti, kifua wazi, kama mwanamume yeyote nyumbani kwake. Ukoo mzima wa mama yangu, nyanya na mama za nyanya, hakuna aliyewahi kuvuka kizingiti kama kile. Nikamwambia, "Ngoja mimi nimwamshe." Akasema, "Wewe usitembee hata hatua."

Akasukuma mlango. Nikamwona anaenda moja kwa moja hadi kitandani, akamshika mkwe wake begani, ngozi kwa ngozi, akamtikisa kama anayetikisa mti.

"Wewe! Amka! Mtoto wako!"

Mume wangu alifumbua macho, akamwona aliyemshika, akavuta blanketi hadi kidevuni kama msichana. Halafu akaniona mimi mlangoni. Blanketi likaanguka na hakuna aliyelijali.

Jirani ana gari la kubebea mboga sokoni. Nililazwa nyuma juu ya magunia, Mama upande huu, mume wangu upande ule, na Barabara ya Kangundo haijawahi kuwa ndefu hivyo. Nikamuuliza Mama, kwa kuwa mtu mwenye hofu huuliza upuuzi, "Na mwiko, Mama? Umeingia alipolala." Akanifuta jasho. "Mtoto kwanza awe hai," akasema. "Mwiko tutamfundisha baadaye."

Hospitalini waliniwekea kifaa tumboni, nesi akasikiliza, akasogeza, akasikiliza tena. Moyo ulikuwepo. Ulikuwa unapiga polepole, umechoka, lakini ulikuwepo. Walinipasua saa hiyo hiyo. Daktari akasema baadaye kwamba tungengoja mpaka jioni, angekuwa na maneno mengine ya kutuambia. Hilo alilisema kama jambo la kawaida tu, huku anaandika.

Alikuwa msichana, mdogo kama kuku wa kienyeji aliyenyonyolewa, na mwenye hasira. Walimweka kwenye mashine ya joto, na siku zilizofuata mimi nilikuwa na homa na mipira ya dripu kila upande, siwezi hata kukaa. Nesi wa pale, mwanamke mnene asiye na mzaha, akaja na amri mpya. Mtoto njiti anapona haraka akilazwa kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, apate joto la mwili. Mama mtu hawezi. Baba yuko wapi?

Nililetwa kwa kiti cha magurudumu nimwone. Chumba kilikuwa na akina mama wamekaa na watoto wao vifuani, na katikati yao mume wangu, mwanamume peke yake, macho yanazunguka. "Vua shati," nesi akamwambia. Akamtazama nesi. Akatazama mlangoni, ambako Mama alikuwa amesimama na chupa yangu ya uji, leso pana ya kanga kichwani, akiangalia sakafu. "Vua shati, baba, mtoto anapata baridi," nesi akasema, na akina mama wote wakanyamaza ili wasipitwe na kitu. Mume wangu akafungua vifungo kimoja kimoja, masikio yamewiva. Nesi akamlaza binti yetu pale kifuani, kichwa chini ya kidevu, akatafuta kitambaa cha kumfungia, hakukiona, na mtoto mwingine huko akaanza kulia. "Shosho," akamwita mama yangu, kwa kuwa nyanya wote kwake ni shosho, "una leso. Njoo umfunge huyu." Akaondoka.

Mume wangu hakuthubutu kusogea. Alimshika mtoto kwa mikono miwili kama anayebeba yai kwa mara ya kwanza, na akafumba macho, nadhani ili kumpa mama mkwe wake nafasi ya kukataa bila aibu.

Mama akaweka chupa chini. Akavua leso kichwani, nikaona mvi zake ambazo mkwe wake hakuwahi kuziona. Akaipitisha leso chini ya kwapa la mume wangu, akazunguka nyuma, akaivuta juu ya mgongo wa mtoto, akarudi nyuma tena, mikono yake ikipita kwenye mbavu za kijana wa watu bila haraka, jinsi alivyonifunga mimi, jinsi alivyowafunga ndugu zangu. Akakaza fundo, akalijaribu kwa kidole. Akaja mbele, akasukuma kidogo kichwa cha mtoto ili pua ipate hewa. Kisha akainua uso akamtazama mkwe wake machoni, naye akafumbua yake.

"Sasa," Mama akamwambia, "usithubutu kupiga chafya."